Ofu Si Yangu Peke Yangu

Ukitoka zamu ya usiku Morogoro huna namna ya kuukwepa mlima. Saa 12 asubuhi geti linafunguliwa, tunamwagika barabarani macho mekundu, masikio bado yanavuma mashine, na Uluguru iko pale mbele imejifunga mawingu kiunoni kama mama aliyejifunga kanga anakwenda kisimani. Siku nyingine kilele cha Lupanga kinachungulia juu ya wingu, siku nyingine ni weupe mtupu. Wenzangu wanadandia bodaboda kwenda kulala. Mimi, kwa karibu miaka miwili, nilikuwa nashukia mjini, napandisha njia ya Boma kwa miguu, na saa 2 na nusu niko Morningside, kwenye ile nyumba kuukuu ya Wajerumani, nimekaa kwenye majani natafuna muhogo wa kuchoma niliofungiwa na gazeti.

Nyumbani nilikuwa nasema kazi ilichelewa kuisha. Viatu vilikuwa vinasema vingine, maana udongo mwekundu wa mlimani haufanani na vumbi la kiwandani, na anayefua mle ndani si mimi.

Nina miaka 29. Nina watoto wawili, mkubwa miaka 5, mdogo mwaka na nusu. Kazi ni ya zamu tatu: wiki hii unaingia asubuhi, ijayo mchana, inayofuata usiku, na siku ya ofu inazunguka. Rosta inabandikwa Jumamosi jioni karibu na mashine ya kugonga kadi, na wote tunaikimbilia na simu kuipiga picha kama matokeo ya mtihani. Mke wangu ni fundi cherehani, anashonea barazani. Kazi yake haina rosta. Nilikuwa nadhani hilo maana yake ni kwamba yuko huru. Nitalirudia.

Kwanza niseme kuhusu huu mlima, kwa sababu watu hunishangaa. Kwetu mwanamume akitaka kupumzika njia zake zinajulikana. Kuna kijiwe cha kahawa na drafti. Kuna kibanda umiza siku Simba na Yanga wanacheza, mkao mbavu kwa mbavu, jasho la jirani linakuhusu. Kuna baa. Hizo hakuna anayekuuliza. Lakini sema unapanda mlimani kutembea tu, bila shamba, bila mzigo, bila mgeni wa kumtembeza, utaulizwa kama uko salama. Siku moja nikiwa napandisha nilikutana na bibi mmoja anateremka na tenga la karoti na njegere kichwani, shingo imenyooka kama mlingoti, miguu peku kwenye mawe ambayo mimi nilikuwa nayakanyaga kwa kuyabembeleza. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza naelekea wapi. Nikamwambia natembea tu. "Unatembea tu?" Akasimama na mzigo wake wote. "Huku?" Akacheka hadi tenga likatikisika, akaendelea zake sokoni. Nami nilicheka, ila lilinikaa. Kwake ile njia ni ya kazini, kama mimi na njia ya kwenda kiwandani. Angenikuta nazunguka nje ya geti la kiwanda siku ya ofu, nafurahia upepo, angekuwa na haki ya kucheka vilevile.

Bado naupenda. Kule juu kuna ukimya ambao mtu wa mashine pekee ndiye anaujua thamani yake. Ukitoka mashambani ukakaribia msitu wa hifadhi, ule ambao tangu 2008 ni Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, hewa inabadilika ghafla kama umefungua friji. Unasikia maji kabla hujayaona. Mito inayoanzia huko inaingia Ruvu, na Ruvu ndiyo inayowanywesha watu wa Dar es Salaam, kwa hiyo ndugu zangu wa Dar mnaotucheka kwamba Moro ni kijiji, mnaoga maji yetu. Basi nakaa pale robo saa, sisikii chochote kinachopiga kengele wala kuniita jina. Nikiteremka ni mtu mwingine.

Ndiyo maana nilijipa haki nayo. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: nimefanya kazi usiku kucha, hela naleta, pombe sinywi, saa zangu tatu ni halali yangu. Hesabu hiyo niliamini imekamilika mpaka mwezi wa tatu mwaka huu.

Mkubwa alikuwa na joto tangu jioni. Nilimgusa paji la uso kabla ya kuingia zamu, nikasema atapoa, mpe panadol. Asubuhi nilipotoka simu ilikuwa na asilimia 4. Nikajiambia nitapanda kidogo tu. Nikapanda, nikakaa chini ya mti, na kwa sababu ulikuwa usiku wa tatu mfululizo, nikalala. Si kusinzia, nililala kama mzigo. Nilipoamka jua lilikuwa utosini, sisimizi shingoni, na simu imezima zamani. Saa 8 mchana nafika nyumbani, mlango una kufuli. Cherehani barazani imefunikwa kitambaa, na chini yake kuna nusu ya gauni la mtu.

Jirani alinijibu bila kuniangalia, anachambua mchicha. "Mwenzio kaenda zahanati tangu saa 4. Na wote wawili."

Nikaiona picha hata kabla sijaambiwa: mmoja mgongoni, mwingine amepakatwa kwenye bodaboda, mkono mmoja umemshika mgonjwa na mwingine umebana pochi. Nilipowakuta walishapimwa, malaria, dawa mseto mkononi, mtoto ameanza kuomba juisi. Mke wangu hakusema kitu. Alinipa mdogo nimbebe, akatangulia. Jioni watoto wamelala ndipo akasema, sauti ya chini kabisa: "Sina ugomvi na mlima. Ila mlima unaijua rosta yako kuliko mimi."

Nimesemwa na masupavaiza, nimesemwa na baba mwenye nyumba, hakuna aliyewahi kunimaliza kwa sentensi moja namna hiyo.

Wiki iliyofuata tulikaa tukaongea, na nilichogundua ndicho kilichonifanya niandike haya. Nilikuwa natetea saa zangu kana kwamba ninamwibia bosi. Kumbe bosi alishanipa zake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka mfanyakazi apate angalau saa 24 mfululizo za mapumziko kila wiki, na kwa hilo kiwanda hakina neno nami. Saa 24 hizo zikishaingia nyumbani kwangu zinakuwa mali ya nyumba, kama kilo ya nyama. Mimi nilikuwa naikata nyama kabla haijafika jikoni, nakula njiani, kisha naingia napangusa mdomo.

Na yeye? Sheria haimjui. Hakuna anayembandikia rosta. Kazi ya baraza inasimama mtoto akilia, inaendelea mtoto akilala, na usiku nikiwa kazini yeye ndiye zamu ya usiku ya nyumbani, bila ile nyongeza ya angalau asilimia 5 ambayo mimi sheria inanipa kwa kila saa ya usiku. Nilipomuuliza mara ya mwisho alipata asubuhi nzima ya peke yake ilikuwa lini, alifikiri muda mrefu. Akasema, kabla ya mkubwa. Miaka 5.

Sasa tunafanya hivi. Rosta ikitoka naituma WhatsApp papo hapo kabla sijatoka getini. Ofu moja asubuhi ni yangu, ofu inayofuata asubuhi ni yake. Anayebaki anabaki na watoto kweli, si kubaki na simu. Anayeondoka anasema anakwenda wapi na anarudi saa ngapi, na simu ina chaji. Mtoto akiumwa, mpango wote unafutwa bila kudaiana. Sipandi tena nikitoka usiku. Kwanza ni hatari. Pili nilikuja kuelewa kwamba lile jua la asubuhi nililokuwa nalifuata linauambia mwili kumekucha, ndiyo maana nilikuwa nikirudi nagaagaa kitandani hadi saa 9, hasira juu ya watoto waliokuwa wanacheza tu. Zamu za usiku zina madhara yake hata bila mtu kujiongezea: shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliziweka mwaka 2007, na tena 2019, kwenye kundi la mambo ambayo huenda yanachangia saratani. Natoka, nalala, basi.

Ofu yake ya kwanza nilidhani atakwenda saluni kusukwa, au kwa dada yake. Nikampa na nauli. Akairudisha. Akasema anataka sisi ndio tutoke, yeye abaki. Nyumba iwe kimya. Nilisimama mlangoni na mtoto mgongoni, mwingine mkononi, chupa ya uji kwenye mfuko wa rambo, nikasikia komeo nyuma yangu. Baadaye nilimuuliza alifanya nini. Alikaa. Akanywa chai ikiwa bado ya moto.

Nikawapeleka watoto njia ya mlimani, nikijiona nimepata suluhisho: familia na mlima kwa mpigo mmoja. Hapa ndipo nataka kubishana na wale wanaotuhubiria akina baba vijana kwamba siri ni kuchanganya, mchukue mtoto kwenye starehe yako, wote mtafurahi. Nimejaribu. Mkubwa alitembea hatua kama 200, akaona jiwe linalong'aa, likabebwa. Hatua kumi, jiwe jingine. Akaona mjusi, tukasimama mpaka mjusi achoke. Mdogo alijinyea kwenye mteremko ambao hauna hata mahali pa kuweka kanga. Tulipofika kwenye kijito, sehemu ambayo mimi huifikia kwa dakika 25, zilikuwa zimepita saa mbili, na mifuko yangu miwili imejaa kokoto.

Ilikuwa asubuhi nzuri. Mkubwa aliweka miguu kwenye maji baridi akapiga kelele ya furaha ambayo bado naisikia. Lakini sikupumzika hata dakika moja, na sitaki kudanganya. Kwenda na watoto ni zamu. Zamu tamu, nitaifanya tena na tena, ila ni zamu, na baba akiiita mapumziko atarudi amechoka kisha atashangaa kwa nini anamkasirikia mkewe. Saa za watoto nazihesabu mbali, saa zangu mbali. Nikizichanganya, nitakaowadanganya ni mke na watoto, wote watatu.

Kazini wananicheka. Kuna mzee wa kitengo chetu, mtu mwema, ananiita Mzungu. Ovataimu ikitangazwa siku ya ofu ninakataa mara nyingi, na yeye huuliza kwa sauti ili wote wasikie: "Watoto watakula matembezi?" Swali lake si la kijinga. Ovataimu ya siku ya ofu inalipwa mara mbili, na mwezi wenye ada au kodi hata mimi naandika jina. Mwenye wazazi wagonjwa kijijini na wadogo wa kusomesha siwezi kumwambia apande mlima. Ila namjua pia huyu mzee. Ana watoto wanne wakubwa, na aliwahi kuniambia tukiwa tunangoja gari la zamu kwamba hakumbuki hata mmoja wao akijifunza kutembea. Siku alizozaliwa kila mmoja anazikumbuka, kwa sababu alipewa ruhusa. Hata mimi nilipewa siku zangu 3 za kisheria mdogo alipozaliwa: ya kwanza hospitali, ya pili kupokea wageni, ya tatu kupiga pasi sare. Kisha ulimwengu mzima ukaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Lililonisumbua zaidi ni maneno ya rafiki yangu mmoja, umri wangu, kwamba kuomba ruhusa kwa mkeo ni kukaliwa. Nikamuuliza yeye akitaka kubadilishana zamu anamwomba nani. Supavaiza, akasema. Na anamwandikia? Anamwandikia. Siku ngapi kabla? Mbili. Akakaa kimya, akabadilisha mada, tukaongea usajili wa Yanga.

Rosta ya wiki hii imetoka. Naingia mchana, ofu ni Jumatano, na Jumatano hii si yangu. Nimeagizwa nitoke na watoto saa 2 na nusu na nisionekane kabla ya saa 7. Vuli imeanza, njia itateleza, kwa hiyo tutaishia kwenye kijito. Mkubwa ameshatafuta fimbo, ameiegemeza mlangoni, na ameuliza mara tatu kama yale mawe tuliyoleta mara ya kwanza tunaweza kuyarudisha kwao.