Tetesi za Drafti Zimetuchosha

Jamani, mashabiki wa NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, mnachosha! Tangu Januari ni drafti tu, lile zoezi la timu kuchagua kwa zamu wachezaji wapya kutoka vyuoni: mara "chanzo cha uhakika" kinasema tunachukua kwotabeki (yule mrusha mpira anayeongoza mashambulizi), mara tunauza zamu yetu. Ukiuliza chanzo ni nani, kimya. Halafu kuna hawa waliotazama klipu moja ya kijana wa chuo, tayari wanakutajia upana wa viganja vyake kama mafundi cherehani. Mwaka 2025 wengi walimpigia debe kwotabeki Shedeur Sanders kuwa ni wa raundi ya kwanza. Akaja kuchukuliwa wa 144, na timu ya Cleveland Browns. Tom Brady mwenyewe, kwotabeki ambaye wengi humwita bora kuliko wote, mwaka 2000 alikuwa wa 199! Sasa waliobwabwaja waliomba radhi? Thubutu! Walishahamia kubishania drafti ya 2026.