Bidhaa ya majaribio: iwe ndogo, isiwe pungufu

Mpishi wa mabuyu wa Majengo, Mombasa, anayetaka kutoka kuuza nyumbani na kuingia maduka ya Kongowea atashauriwa aanze na bidhaa ya majaribio: ile ndogo kabisa inayotosha kuonyesha kama watu wataitolea pesa. Istilahi hiyo, kwa Kiingereza "minimum viable product", ilibuniwa na Frank Robinson mwaka 2001, Eric Ries, mwandishi wa kitabu "The Lean Startup", akaieneza. Ushauri una mashiko. M-Pesa ilipojaribiwa 2005, lengo lilikuwa wateja wa Faulu, taasisi ya mikopo midogo, walipie mikopo yao. Wao wakaanza kutumiana pesa, na huduma iliyozinduliwa Machi 2007 ikajengwa juu ya hilo.

Wanaopinga nao wana lao. Programu ya simu hurekebishwa usiku mmoja. Mabuyu yakishaliwa yameliwa. Tena kuna unyevu wetu wa Pwani. Paketi iliyofungwa kwa moto wa mshumaa huacha vitundu, sukari inalowa, mabuyu yanashikana donge moja. Jaribio la siku 3 halionyeshi hayo. Wiki ya pili ndipo mwenye duka anarudisha mzigo, na ukimpelekea mwingine hapokei. Kwa hiyo jaribio lipite muda ambao paketi hukaa rafuni.

Kosa kubwa zaidi, kwa maoni yangu, liko kwenye bei. Tuseme paketi ni shilingi 50. Mbuyu, sukari, iliki, rangi, paketi na usafiri vinakula 32. Zinabaki 18. Kodi ya jiko na gharama nyingine za kudumu zikiwa 9,000 kwa mwezi, lazima uuze paketi 500 ndipo urudishe gharama. Ukishusha bei hadi 45 ili "kuvuta wateja", zinabaki 13, na sasa unahitaji paketi 693. Shilingi 5 tu, lakini kazi imeongezeka kwa karibu asilimia 39.

Basi punguza ladha, ibaki moja. Punguza maduka, yawe 5. Usipunguze mashine ya kufungia wala alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Na duka lililochukua kwa mali kauli, yaani litalipa likishauza, usilihesabu kuwa limenunua: hesabu oda ya pili, iliyolipwa taslimu.