Mwacheni mtoto na sahani yake

Juzi kwenye shughuli ya familia nimemshuhudia mama mtu mzima anamnyang'anya mtoto wa darasa la pili sahani ya pilau, "we bonge umeshiba, waachie wenzio", na watu wakacheka. Mtoto kabaki ameshika kijiko, kainamisha kichwa, machozi yanamlenga. Nina hasira mpaka leo.

Jamani, nani kawaambia kila mtoto mnene ni mlafi? Njaa inaamuliwa kwenye ubongo, na ubongo unapata habari zake kutoka kwenye mafuta yenyewe. Watu wanadhani mafuta mwilini yamekaa tu pale, kumbe yanatoa homoni. Mojawapo ni leptini, iligunduliwa mwaka 1994 na Jeffrey Friedman na wenzake kule New York, na kazi yake ni kuuambia ubongo kwamba akiba ipo, tulia.

Sasa sikieni hii. Mwaka 1997 madaktari wa Cambridge, Uingereza, walieleza habari za watoto wawili wa ukoo mmoja, mkubwa miaka 8 ana kilo 86, mdogo miaka 2 ana kilo 29. Miaka miwili, kilo 29! Walizaliwa na uzito wa kawaida kabisa, ila njaa yao haikatiki, wakila leo saa hii baada ya muda kidogo wanalilia tena. Kuja kupimwa, jeni ya leptini ina hitilafu, yaani ubongo wao haujawahi kuambiwa kwamba mwili umeshiba. Yule mkubwa, binti, akaanza kuchomwa sindano za leptini kila siku, na ndani ya siku chache tu ulaji ukabadilika, ndani ya mwaka kapungua kilo 16 na ushee, karibu zote mafuta. Tabia yake ilikuwa na kosa gani? Halikuwepo. Ilikosekana homoni moja.

Haya, nakubali, ugonjwa ule ni nadra sana, na wengi wa watoto wetu wamenenepeshwa na chipsi, soda na kushinda kwenye simu. Lakini hata hao ukiwapima leptini iko juu, shida ubongo umeacha kuisikiliza, insulini nayo ikipanda inazidi kuyafungia mafuta ndani. Na mabinti wanene wengi wanavunja ungo mapema, halafu wanasemwa vibaya mtaani kwa jambo la homoni!

Kinachoniumiza zaidi ni seli za mafuta. Watafiti wa Sweden walionyesha mwaka 2008 kwamba idadi yake inajengwa utotoni na ujanani, ukubwani haibadiliki tena, hata ukikonda zinasinyaa tu lakini zipo palepale (walizijua umri wake kwa kaboni iliyosambaa hewani enzi za majaribio ya mabomu ya nyuklia, mimi hilo lilinishangaza sana). Kwa hiyo anachokula mtoto leo atatembea nacho, na anayenunua chakula nyumbani sio yeye.

Mkitaka kumsaidia toeni soda mezani kwa wote, baba akiwemo, sio kumnyima yeye peke yake mbele ya wageni. Na kama mtoto ananenepa kupita kiasi tangu hajafika miaka mitano na njaa haimpi nafasi usiku wala mchana, mpelekeni hospitali, ulizeni habari za homoni, mkijibiwa mpunguzieni tu chakula, ulizeni tena.