Liyongo bado amepiga goti kisimani

Nimesoma makala ambayo mwandishi wake anasema kuzigeuza ngano za kale ili kuyasema ya leo ni kuwakosea adabu wazee. Sikubaliani naye hata kidogo. Marehemu nyanya yangu, hapa Mji wa Kale, Mombasa, hakutusimulia ngano ya Fumo Liyongo, shujaa wa kale wa Waswahili, kwa njia moja mara mbili. Akifika pale mwana wa Liyongo, aliyeahidiwa zawadi na maadui, anapomdunga babake sindano ya shaba kitovuni, hunyamaza, akatugusa vitovu mmoja mmoja, kisha huuliza: “Wewe ungeahidiwa nini?” Usiku huo hulali, waihesabu nafsi yako.

Halafu Liyongo yuko kisimani, amepiga goti na uta wake, keshakufa, na mji mzima wakaa na kiu kwa kumwogopa maiti. Jamani, mimi nanunua maji ya mkokoteni, mtungi kwa mtungi, na mfereji wa nyumbani umekauka! Mtunzi wa leo akikileta kisima kile mtaani kwetu, amemvunjia nani heshima?

Na Mwana Mkisi je, ambaye mapokeo yasema alitawala mji huu kabla ya Shehe Mvita? Twamtaja kwa sentensi moja tu. Namsubiri atakayempa sauti.