Liemba: kejeli ya historia au kazi ya grisi?

Wapo wanaoihesabu MV Liemba kuwa kejeli kubwa ya historia ya Ziwa Tanganyika, na hoja yao ina uzito. Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikaletwa Dar es Salaam na kupakiwa kwenye treni hadi Kigoma, ambako ilishushwa majini Februari 1915 ikiitwa Graf von Götzen, jina la gavana aliyekandamiza Maji Maji kwa kuchoma vijiji na mashamba hadi njaa ikaingia. Meli hiyohiyo ndiyo iliyokuja kubeba wakimbizi: mwaka 1997 waliokuwa wakirejea Zaire, na mwaka 2015 Warundi waliokwama Kagunga.

Upande wa pili hauoni ajabu yoyote. Wajerumani walipoizamisha wenyewe Julai 1916, Wabelgiji wakiwa wanaikaribia Kigoma, mafundi waliipaka mitambo grisi nzito kwa matumaini ya kurudi kuichukua. Hawakurudi. Wabelgiji waliiibua, ikazama tena, na Waingereza walipoiinua mwaka 1924 walikuta injini na boila bado zinafaa. Mwaka 1927 ikaanza safari upya. Kwa mtazamo huu, kilichoiokoa ni ufundi, wala si bahati.

Naona grisi peke yake haitoshi kuwa jibu. Meli ya Sultani wa Zanzibar, Glasgow, ilizamishwa na Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, katika vita ambavyo havikufika hata saa moja, ikalala kwenye kina kifupi kiasi kwamba milingoti yake ilichomoza juu ya maji. Hata hivyo hakuna aliyeiibua ili isafiri tena, na mwaka 1912 ikavunjwavunjwa. Unguja meli nyingine huingia kutoka baharini, lakini ya Tanganyika sharti isafirishwe kwa reli na kuungwa upya ufukweni, hivyo hata mzoga wa chuma ulio chini ya ziwa una thamani.

Kwa hiyo kupona kwake kunaelezeka. Kisichoelezeka kirahisi ni jina. Waingereza, ambao ziwa la jirani walikwisha kulipa jina la malkia wao (na hapo hawakumuuliza mtu), safari hii walichagua Liemba, jina la kale la ziwa lenyewe.