Je, falsafa inapiga hatua? Tuufuate mjadala wa Mungu na uovu

Mwaka 1955 mwanafalsafa wa Australia, J. L. Mackie, alichapisha makala katika jarida la Mind akidai kwamba anayemwamini Mungu wa Wakristo anajipinga mwenyewe. Mungu ni mwenyezi, Mungu ni mwema kabisa, uovu upo. Ukikubali yoyote mawili kati ya hayo, alisema, la tatu lazima liwe uongo. Hakudai tu kwamba imani ina ushahidi mdogo. Alidai kwamba haiwezi kuwa kweli, kama ambavyo hakuna pembetatu yenye pembe nne.

Naanza na makala hiyo kwa sababu lawama kwamba falsafa haisongi mbele hutolewa kwa ujumla mno. Fizikia ilimwacha Aristotle zamani, husema watu, lakini wanafalsafa bado wanabishana na Plato. Mkristo naye huwa na sababu yake ya kuirudia lawama hiyo: kama akili ya mwanadamu imezunguka palepale kwa zaidi ya miaka 2,000, si afadhali kushika Neno tu? Ili kujua kama kuna mwendo, inabidi tushike hoja moja na kuona iliishia wapi.

Jibu lililotikisa hoja ya Mackie lilitoka mwaka 1974 kwa Alvin Plantinga, Mmarekani wa mapokeo ya Kikalvini. Hakujaribu kueleza kwa nini Mungu anaruhusu uovu. Alijiwekea kazi ndogo zaidi: kuonyesha kwamba kauli zile tatu zinaweza kuwa kweli kwa pamoja. Kwa hilo alihitaji jambo linalowezekana tu, hata kama halijathibitishwa, yaani kwamba viumbe wenye utashi huru wana thamani kubwa, na kwamba hata mwenyezi hawezi kumlazimisha mtu atende mema kwa hiari yake, maana kinacholazimishwa si hiari tena. Mackie alifariki 1981. Kitabu chake kilichotoka mwaka uliofuata kinakiri kwamba tatizo la uovu halionyeshi kuwa mafundisho makuu ya wanaomwamini Mungu yanapingana kimantiki. Hakuwa ameamini, wala jibu la Plantinga halikumridhisha, lakini dai la 1955 alilishusha.

Hapa mpinzani ana neno zito. Habari ya utashi huru si ya Plantinga. Agostino wa Hippo, katika nchi ambayo leo ni Algeria, aliandika kitabu kizima juu yake kabla ya mwaka 400. Ikiwa baada ya karne zaidi ya 15 tumerudi kwa Agostino, hatua iko wapi? Naona hatua iko katika kile kilichotenganishwa. Agostino alitaka kueleza uovu umetoka wapi. Plantinga alionyesha kwamba kutaja sababu ya Mungu ni kazi moja, na kuonyesha kwamba hakuna ukinzani katika kusema anayo sababu ni kazi nyingine. Kazi ya kwanza inadai tuyajue mawazo ya Mungu. Ya pili haidai hivyo. Wakristo wengi walikuwa wakiahidi ya kwanza huku wakiwa na uwezo wa ya pili tu.

Upande wa wasioamini nao ulijifunza. Mwaka 1979 mwanafalsafa William Rowe aliiacha njia ya Mackie akatoa mfano wa mtoto wa kulungu aliyeunguzwa na moto wa msituni uliowashwa na radi, akateseka siku kadhaa bila kuonekana na mtu hadi akafa. Hapo hakuna dhambi ya mtu wala hiari ya mtu, na hakuna aliyepata fundisho. Rowe hakusema haiwezekani Mungu awepo. Alisema mateso ya namna hiyo yanatupa sababu nzuri ya kuamini hayupo. Katika makala hiyohiyo alikubali kwamba asiyeamini anaweza kukiri kuwa baadhi ya waamini wana haki ya kiakili ya kuamini. Kwa miaka 24 mjadala ulitoka kwenye madai kwamba imani ni upuuzi wa kimantiki ukafika hapo. Kwangu hiyo ni hatua ya kweli, na pande zote mbili zilichangia.

Hata hivyo, swali lenyewe halijafungwa. Wapo wanaojaribu kuiunda upya hoja ya Mackie. Uchunguzi wa maoni ya wanafalsafa wa vyuo vikuu uliofanywa mwaka 2009 na David Bourget na David Chalmers ulikuta karibu asilimia 73 wakiegemea kwamba Mungu hayupo, na asilimia 15 hivi kwamba yupo. Lakini kati ya waliobobea katika falsafa ya dini, zaidi ya asilimia 70 waliegemea kwamba yupo. Muumini atasema waliosoma zaidi ndio walioamini. Mpinzani atasema walioamini ndio waliochagua somo hilo. Maelezo ya pili nayaona mazito zaidi, hata kama hayapendezi upande wangu. Na mwanafalsafa Mwingereza Bertrand Russell aliposema mwaka 1912 kwamba maswali yanayopata majibu ya hakika huhama falsafa na kuwa sayansi, alieleza vizuri safari ya elimu ya nyota, lakini swali la Mungu halina dalili ya kuhama.

Je, Mkristo afanye nini na elimu ya namna hii? Wapo wanaosoma Wakolosai 2:8, onyo la kutofanywa mateka kwa elimu ya bure, yaani falsafa tupu ya kudanganya, wakafunga mlango. Ila Paulo huyohuyo, katika Matendo 17, alijadiliana na wanafalsafa Waepikureo na Wastoiko kule Athene na akanukuu watunzi wao. Kanisa Katoliki huwapitisha mafrateri kwenye falsafa, katika seminari kama za Kibosho au Ntungamo, Tanzania, kabla ya teolojia. Sidhani lengo ni wafike parokiani na jibu la kila kilio. Plantinga mwenyewe aliandika kwamba utetezi wake haukukusudiwa kumfariji anayeteseka. Huyo anahitaji mchungaji. Katika kitabu cha Ayubu, Elifazi na wenzake ndio waliojua kwa hakika sababu ya mateso, na wao ndio waliokemewa na Mungu.

Hapo ndipo jibu ambalo mwanafalsafa Stephen Wykstra alimpa Rowe mwaka 1984 linapotugeukia. Alisema akili zetu ni ndogo mno kuziona sababu za Mungu, kwa hiyo kutoziona si dalili kwamba hazipo. Wakristo wengi hulipokea kwa furaha. Lakini anayelikubali hana ruhusa tena ya kusimama baada ya mafuriko na kutangaza Mungu alikuwa akiadhibu nini. Lipo pia zito zaidi: ikiwa Mungu anaweza kuwa na sababu zilizofichika kwa lolote, nitajuaje kwamba hana sababu iliyofichika ya kuniacha nikosee kuhusu ahadi zake? Mimi hujibu kwa msalaba, kwamba pale tabia yake ilionekana vya kutosha kuaminiwa. Nikijibu hivyo nimeshatoka kwenye hoja nimeingia kwenye ushuhuda, na mtu kama Rowe ana haki ya kuniambia hivyo.