Vifungo vya Woolwich

Rafiki yangu ana kibali cha kupekua matope ya mto Thames, mimi sina. Kwa hiyo asubuhi ile pale Rotherhithe, maji yalipokuwa yamepwa, yeye alipiga magoti na mimi nikatembea nyuma yake mikono mfukoni, kama mgeni aliyeonywa asiguse vyombo vya wenyewe. London huruhusiwi kuokota kwenye upwa wa Thames bila kibali cha Mamlaka ya Bandari, na hata kutafuta kwa macho tu kunahesabiwa kuwa ni kutafuta. Najitahidi kuwa raia mwema, lakini nakiri kwamba mara mbili tatu macho yangu yalitafuta bila ruhusa.

Wapo wanaoona huu ni urasimu mtupu. Tope ni tope, wanasema, na mto hauna mwenyewe. Mwenye macho na aokote. Nami nilikuwa kundi hilo. Kilichonibadili si mwanasheria wala mtaalamu wa makumbusho, bali ni meli iliyozama mwaka 1878, na namna vitu vya watu waliokufa ndani yake vilivyotunzwa.

Kwanza niuseme upwa wenyewe, maana unastahili. Bahari huingia Thames hadi Teddington, magharibi ya jiji, na katikati ya London tofauti ya maji kujaa na kupwa hufika hata mita 7 siku za bamvua. Mara mbili kwa siku mto unarudi nyuma na kuacha wazi sakafu ya jiji la miaka elfu mbili: vigae, mifupa ya ng'ombe waliochinjwa zamani, misumari ya meli, soli za viatu. Tope lile halipitishi hewa, ndiyo maana ngozi na mbao ambazo kwingine zingeoza zamani hukaa humo karne nzima, na karne nyingine juu yake.

Ninachokipenda kuliko vyote ni viko vya udongo. Vipo vingi kama vipande vya sigara kwenye kituo cha basi, kwa sababu ndivyo vilivyokuwa: mtu alivuta, kikavunjika, akakitupa. Tumbaku ilipoingia Uingereza karne ya 16 ilikuwa ghali, basi kichwa cha kiko kilikuwa kidogo mno. Bei iliposhuka, kichwa nacho kikanenepa. Mjuzi akikiangalia tumbo tu anakisia kilivutwa zama zipi. Rafiki yangu alinionyesha kimoja kilichomtosha kwenye ncha ya kidole, akakitazama kidogo, akakirudisha. Anavyo vingi nyumbani, aliniambia, na mumewe ameanza kunung'unika.

Karne ya 19 walioshinda kwenye matope haya walikuwa watoto wa maskini, miguu peku, wakiokota makaa, vipande vya kamba na misumari ya shaba wapate kuuza. Leo kazi yao imegeuka starehe, na watu wanaoitaka ni wengi kiasi kwamba mwaka 2022 maombi mapya ya vibali yalisimamishwa kwa muda.

Sasa meli. Princess Alice ilikuwa meli ya mvuke, yenye magurudumu makubwa ya pala ubavuni, iliyopeleka watu wa London matembezini na kuwarudisha. Jioni ya tarehe 3 Septemba 1878 ilikuwa inarudi kutoka upande wa Gravesend imejaa familia: wake, waume, watoto wachanga, vijana waliotoka kucheza muziki kwenye bustani za Rosherville. Baada ya saa 1 usiku, karibu na Woolwich kwenye kona ya Tripcock, ilikutana na Bywell Castle, meli kubwa ya makaa ya mawe iliyokuwa ikishuka na mto kwenda Newcastle kupakia. Kila nahodha alikuwa na fikra yake kuhusu upande wa kupitia. Princess Alice ikageuka na kukata njia ya mwenzake; Bywell Castle ikaipiga ubavuni karibu na gurudumu, na meli ya matembezi ikavunjika. Dakika kama 4 tu, haipo.

Waliokufa wanakadiriwa kuwa kati ya 600 na 700. Waliookolewa ni kama 130. Nasema wanakadiriwa kwa sababu hapakuwa na orodha ya abiria. Sisi wa kizazi kilichosikiliza redio siku zile za MV Bukoba mwaka 1996 tunajua uchungu wa hesabu ya namna hiyo.

Kuna jambo ambalo kila nikilisoma linanichefua upya. Mfumo mpya wa mitaro, fahari ya London, uliwaondolea wakazi uchafu na kuutoa mtoni sehemu mbili, Barking na Crossness, yaani hapo hapo. Muda wa saa moja kabla ya ajali yalikuwa yamefunguliwa majitaka yasiyosafishwa, galoni zipatazo milioni 75. Watu walizama katika maji ya choo cha jiji lao wenyewe. Wengine waliopona walikufa katika wiki mbili zilizofuata. Baadaye wakubwa walipata dawa: kuanzia 1887 tope la majitaka likawa linapakiwa melini na kwenda kumwagwa baharini. Tatizo likasogezwa mbele kidogo, basi.

Uchafu ule ndio unaonifikisha kwenye vifungo vya nguo. Maiti ziliharibika haraka kuliko kawaida, nyuso hazikutambulika. Waliokuwa na mashua walilipwa shilingi 5 au zaidi kwa kila maiti, na wakati mwingine waligombana juu ya nani kaiona kwanza. Ndugu walipofika Woolwich kutafuta watu wao, uso haukuwasaidia. Kilichowasaidia ni kile maiti ilichovaa au kilichokuwa mfukoni. Mama hakusema huyu ni mwanangu kwa kutazama sura, alisema kwa kutazama kifungo alichokishona yeye.

Wale ambao hakuna aliyewatambua hawakuweza kusubiri. Walizikwa, lakini kila jeneza lilipewa namba ya polisi, na namba ile ile ikafungwa kwenye nguo na vitu vya marehemu vilivyobaki juu ya ardhi, ili siku ndugu akitokea na kusema "pini hii ni ya dada yangu", ajulikane dada amelala wapi. Watu wapatao 120 walilala kwenye kaburi la pamoja katika makaburi ya Woolwich. Juu yao kuna msalaba wa mawe uliolipiwa na watu zaidi ya 23,000, kila mmoja peni 6. Nilikwenda kuuona. Ni mrefu na mzuri, na siku niliyofika hapakuwa na mtu mwingine.

Nilipoelewa habari ya zile namba ndipo nilipoacha kudharau kibali. Pini peke yake ni kipande cha waya. Pini yenye namba inaweza kumrudishia mtu jina. Na namba ya kitu kilichookotwa mtoni ni mahali kilipookotwa: ngazi gani, upande gani wa gati, pamoja na nini. Ndiyo sababu mwenye kibali akipata kitu chenye umri wa zaidi ya miaka 300 anatakiwa kukipeleka kwa afisa wa makumbusho kiandikwe. Yule anayekitia mfukoni na kwenda kukipigia picha juu ya meza yake huenda hajaiba kitu cha thamani ya hata pauni moja. Amekata uzi wa ile namba, na hakuna mtu baada yake atakayeweza kuufunga tena.

Nitaambiwa makumbusho yana makabati yaliyojaa vigae ambavyo hakuna anayevitazama. Kweli. Nitaambiwa pia kwamba mto unakula kingo zake, mawimbi ya boti za kasi yanafukua, na kisichookotwa leo kesho kimesagika. Hili nalo ni kweli, na ndiyo hoja pekee inayonitikisa. Lakini ni hoja ya kuokota kwa uangalifu, si hoja ya kuokota ovyo.

Kinachoniuma zaidi ni vipimo vyetu vya kukumbuka. Mwaka 2024 saa ya dhahabu ya tajiri mmoja aliyezama na Titanic iliuzwa mnadani kwa zaidi ya pauni milioni 1. Tunajua jina lake, alikovaa saa ile, na nani aliirithi. Titanic kila mtoto anaijua. Waulize watu wanaokunywa chai kando ya Thames kuhusu Princess Alice uone wangapi watakujibu, ingawa ajali ile ilitokea machoni mwa jiji na hakuna iliyoua wengi zaidi yake katika mito ya Uingereza. Abiria wake walikuwa makarani, wauza duka, watumishi wa nyumbani waliopata siku moja ya mapumziko. Mali waliyozama nayo ni ile ile tope linayotoa kila maji yakipwa: vifungo, pini, viko.

Kuelekea saa 5 maji yalianza kurudi. Thames hairudi kwa adabu. Ukiinama kidogo tu unakuta imekuzunguka nyuma. Rafiki yangu alikuwa na vitu vitatu mkononi. Viwili alivitupa. Cha tatu kilikuwa kifungo cha shaba, hakina maandishi, hakionyeshi umri. Alikitia kwenye kifuko, akatoa kalamu, akaanza kuandika, nami nikawa namhimiza tupande ngazi maana viatu vyangu vilishaanza kulowa. Alinijibu bila kuinua kichwa, "Subiri, sijamaliza kuandika mahali."